Idara haina eneo la vyura: niingie wapi?

Swali: Shikamoo Profesa. Niko mwaka wa tatu, nasoma biolojia, na mwakani nataka kuomba nafasi ya shahada ya uzamili. Tangu utotoni napenda vyura. Nimeangalia orodha ya maeneo ya utafiti ya idara ninayoitaka: molekuli na seli, jenetiki, ukuaji wa kiinitete, fiziolojia na neva, mikrobiolojia, tabia za wanyama, ekolojia, mageuko na uainishaji wa viumbe, biolojia ya kompyuta. Vyura hawamo. Wenzangu wananiambia ekolojia ni ya walioshindwa kemia, na kwamba kazi zote siku hizi ziko kwenye molekuli. Maeneo haya yanatofautianaje hasa, na mtu kama mimi aingie lipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na nimefurahi kwamba umeanza na chura. Nitakujibu kwa kirefu, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wazuri wanapokwama.

Orodha uliyoiangalia imepangwa kwa maswali. Ndiyo maana hukumkuta chura, na ukiitazama tena utaona hata tembo hayumo, wala nyuki, wala mhindi. Kila jina pale ni aina ya swali ambalo mtu anaweza kumuuliza kiumbe yeyote. Na chura, kwa bahati yako, ni mmoja wa viumbe walioulizwa karibu yote.

Zamani haikuwa hivyo. Vyuo vingi vilikuwa na idara ya botania na idara ya zoolojia, na ndani ya zoolojia kila mtu alijulikana kwa mnyama wake: huyu wa ndege, yule wa samaki, mwingine wa wadudu. Mambo yalibadilika baada ya 1953, mwaka ambao James Watson na Francis Crick walichapisha umbo la DNA, kazi iliyoegemea sana picha za eksirei zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin. Kuanzia hapo mtu aliweza kumuuliza bakteria na mwanadamu swali lilelile kwa vifaa vilevile, na ile mipaka ya mnyama huyu na mnyama yule ikaanza kuonekana ya kizamani. Watson alifika Chuo Kikuu cha Harvard 1956. Alikuwapo pia Edward Wilson, kijana wa rika lake, mtaalamu wa sisimizi. Wilson alisimulia baadaye jinsi pande hizo mbili zilivyovutana kwa ukali juu ya nani aajiriwe na sayansi ipi ndiyo sayansi kweli. Leo chuo hicho kina idara ya molekuli na seli, na nyingine tofauti ya viumbe wazima na mageuko yao. Vyuo vingi vingine vimebaki na idara moja, lakini mshono unaonekana hata katika orodha uliyonitumia. Hayo wanayokuambia wenzako kuhusu walioshindwa kemia ni mabaki ya ugomvi ule. Wewe hukuwepo ulipoanza, kwa hiyo usiubebe.

Sasa mchukue chura wako mkononi nikupitishe kwenye korido.

Mlango wa ukuaji wa kiinitete ndio nilioingilia mimi, kwa hiyo utaniwia radhi nikikaa hapo kidogo. Chura wa maabara anaitwa Xenopus laevis, ana kucha miguuni, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Alienea maabarani kwa sababu ambayo haikuhusu viinitete hata kidogo. Katika miaka ya 1930 watafiti walitambua kwamba jike wa chura huyu akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai baada ya saa chache, na kwa miaka mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo cha mimba. Chura anayetaga siku unayotaka wewe ni hazina kwa mtu anayetafuta mayai. Yai lake lina upana wa milimita moja na kidogo, kwa hiyo unaliona hata bila hadubini, na linakua nje ya mwili wa mama, kwenye kisahani cha maji mbele ya macho yako.

Siku ya kwanza mwalimu wangu aliniambia niweke jicho kwenye hadubini na nisiliondoe. Mayai yalikuwa yamelala hovyo, kila moja lina upande mweusi na upande mweupe kama maziwa. Baada ya kurutubishwa yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, mpaka yote yakawa yameelekeza upande mweusi juu. Kisha kimya. Shingo ikaanza kuniuma. Ilipokaribia saa moja na nusu, juu ya yai moja pakatokea mfuo mwembamba, kama alama ya uzi uliobanwa kwenye donge la unga, ukashuka taratibu pande zote mbili mpaka lile yai likawa seli mbili. Nusu saa baadaye zikawa nne. Jirani zake nao wakawa wanafanya hivyohivyo, karibu kwa wakati mmoja, bila kuambiwa na mtu. Nilitoka maabara usiku sana siku ile, na mpaka leo swali langu ni lilelile: seli moja inajuaje hapa pawe jicho, pale pawe utumbo, na kule pawe mkia?

Mwaka 1962 John Gurdon alichapisha jaribio lililotikisa mlango huu. Alichukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakipandikiza ndani ya yai ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Mengi ya mayai hayo yalikufa, lakini machache yalikua. Maana yake, seli ya utumbo haijatupa maelekezo ya kutengeneza jicho; imeyafunga tu, na yai linajua kuyafungua. Gurdon alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012, miaka 50 baadaye. Maelekezo hayo yanafungwaje na kufunguliwaje? Ukianza kuuliza hivyo, tayari umeingia chumba cha jenetiki na cha molekuli bila kubisha hodi. Ndiyo sababu watu wa vyumba hivyo vitatu huazimana vifaa na kukaa pamoja kwenye semina.

Kwa fiziolojia na neva nitapita haraka, kwa mifano miwili tu. Mwaka 1921 Otto Loewi aliweka mioyo miwili ya vyura kwenye maji yenye chumvi. Akausisimua neva unaopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, kisha akachukua maji yaliyouzunguka akayapeleka kwa moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ingawa neva zake zilikuwa zimeondolewa. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba neva husema na viungo kwa kemikali. Mfano wa pili ni chura wa misituni Amerika Kaskazini, Rana sylvatica, ambaye majira ya baridi hujificha chini ya majani makavu na kuganda. Sehemu kubwa ya maji ya mwili wake huwa barafu, moyo husimama, na ukimshika ni mgumu kama jiwe. Ini lake humwaga sukari nyingi kwenye damu, nayo huzilinda seli zisiharibike. Joto likirudi huyeyuka, moyo ukaanza tena, akaenda zake kutafuta jike. Mwanafiziolojia huuliza: mwili unafanyaje kazi, na unahimilije pale ambapo haukustahili kuhimili?

Mkumbuke chura huyo aliyeganda, nitamrudia.

Katika tabia za wanyama na mageuko kuna mtu ambaye angekusaidia kuisoma orodha yako yote. Niko Tinbergen, Mholanzi aliyefundisha Oxford, aliandika 1963 kwamba tabia yoyote ya mnyama inaweza kuulizwa maswali manne, na kwamba mabishano mengi hutokea kwa sababu watu wanajibu maswali tofauti wakidhani ni moja. Chukua kile kijichura kidogo cha Panama kinachoitwa túngara. Usiku dume huelea kwenye dimbwi, hupuliza mfuko wa koo na kutoa mlio mrefu unaoshuka, na mara nyingine mwishoni huongeza mkoromo mfupi, mmoja au zaidi. Koo na ubongo wake vinautoaje mlio huo? Hilo ni swali la fiziolojia na neva. Uwezo wa kuutoa unajengekaje tangu kiluwiluwi? Hilo ni la ukuaji. Unamletea faida gani? Hapo umefika ekolojia na tabia. Ulianzia wapi katika ukoo wake? Hilo ni la mageuko.

Michael Ryan na wenzake walikaa na vijichura hivyo kwa miaka mingi. Waliweka spika mbili, moja ikitoa mlio mtupu, nyingine mlio wenye mkoromo, kisha wakamwachia jike katikati. Majike wengi walikwenda kwenye mkoromo. Lakini kuna popo anayekula vyura, Trachops cirrhosus, naye husikiliza mlio uleule ili apate chakula, na yeye pia hupendelea wenye mkoromo. Kwa hiyo dume akiwa peke yake mara nyingi hutoa mlio mtupu, na huongeza mkoromo wapinzani wakiwa karibu. Jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: majike wa spishi ndugu, ambayo madume wake hawakoromi kabisa, nao walivutwa na mkoromo ulipoongezwa kwenye mlio wa madume wao. Inaelekea sikio lilikuwa tayari kuupenda kabla dume yeyote hajautoa. Ukiuliza "kwa nini anakoroma?" una majibu manne sahihi, kila moja kutoka mlango wake, na hakuna linalolifuta jingine.

Sasa nikupe kisa kimoja kinachopita kwenye karibu milango yote kwa pamoja, maana ndicho kinachonifanya nikasirike mtu anapodharau eneo lolote.

Kuelekea mwisho wa karne iliyopita vyura walianza kutoweka mahali ambapo msitu haukuguswa na maji yalikuwa safi, hasa Australia na Amerika ya Kati. Wanaekolojia waliokuwa wakienda kwenye kijito kilekile kila mwaka ndio walioona. Mwaka uliopita walihesabu mamia, mwaka huu wanakuta maiti, mwaka unaofuata hawakuti kitu. Bila wale watu wa kuhesabu usiku kwa usiku, wakiandika hata sifuri, tusingejua kwamba kuna msiba.

Hakuna aliyejua muuaji ni nani. Kwenye bustani ya wanyama ya taifa mjini Washington vyura wa rangi ya buluu nao walikuwa wakifa, na madaktari wa mifugo waliona kwenye ngozi zao kijidudu wasichokitambua. Picha zikamfikia Joyce Longcore, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Maine aliyebobea katika kundi la kuvu za majini ambalo watu wachache sana duniani walilijali. Kuvu hizo zilijulikana kwa kuozesha mabaki ya mimea na wadudu, nyingine kwa kushambulia mimea na mwani. Hakuna aliyewahi kuziona zikishambulia mnyama mwenye uti wa mgongo. Yeye alilitambua kundi lake, akaiotesha kuvu ile maabarani, na mwaka 1999 ikapewa jina: Batrachochytrium dendrobatidis. Ukisikia mtu anasema uainishaji wa viumbe ni kazi ya kubandika majina kwenye chupa, mkumbushe hilo. Mjuzi mmoja wa kitu kisichojaliwa ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Lakini kuvu inayokaa kwenye ngozi tu inauaje mnyama mzima? Hilo likawa la wanafiziolojia. Chura hunywa kwa ngozi na hupitisha chumvi za mwili kwa ngozi. Mwaka 2009 Jamie Voyles na wenzake walionyesha kwamba kwa vyura walioambukizwa vibaya sodiamu na potasiamu hushuka katika damu, mpaka moyo unasimama. Watu wa mikrobiolojia wakauliza mbona wengine wanapona, wakakuta bakteria kwenye ngozi ya baadhi ya vyura wanaotengeneza kemikali ya zambarau inayoizuia kuvu; katika majaribio ya maabara, vyura waliopakwa bakteria hao walinusurika. Watu wa jenetiki, wakishirikiana na wa kompyuta maana DNA hiyo haisomeki kwa macho, walilinganisha sampuli za kuvu kutoka mabara mengi, na mwaka 2018 wakaonyesha kwamba chimbuko lake ni Asia ya Mashariki na kwamba ilianza kusambaa duniani mwanzoni mwa karne ya 20. Biashara ya kusafirisha vyura hai ikawa mshukiwa mkubwa. Mwaka uliofuata wanaekolojia walikusanya hesabu ya dunia nzima: spishi 501 zimepungua kwa sababu ya ugonjwa huo, na 90 kati yake zinadhaniwa zimetoweka kabisa.

Hebu mtoe mmoja wa watu hao kwenye kisa. Hakisimami tena.

Kuhusu kazi zote kuwa kwenye molekuli: kilichotokea ni kwamba vifaa vya molekuli vimeingia kila mahali. Mwaka 2008 watafiti walichota maji ya mabwawa nchini Ufaransa na kutambua kwa DNA iliyobaki majini kama mle ndani kuna yule chura mkubwa wa Marekani anayeitwa bullfrog kwa Kiingereza, mvamizi wa huko, bila kumwona chura mwenyewe. Leo mwanaekolojia anayechunga vyura anabeba buti, tochi na chupa za kuchujia DNA. Kwa hiyo kemia utaikuta, uingie mlango wowote. Na deni haliendi upande mmoja. Kipimo cha PCR, yaani njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana, ambacho maabara za molekuli haziwezi kuishi bila hicho, kilikuja kuwa rahisi kwa kimeng'enya kilichotoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone. Thomas Brock aliwapata bakteria hao katika miaka ya 1960, akitaka tu kujua viumbe gani wanaweza kuishi kwenye joto kali vile.

Idara yako haikutaja mimea kama eneo la peke yake, nami sina nafasi ya kuitendea haki hapa. Niseme tu kwamba Barbara McClintock aliwatambua wale jeni wanaohama kutoka mahali hadi mahali kwa kutazama punje za mahindi zenye madoa, na kwamba kila swali nililolitaja kwa chura, mmea umeulizwa pia. Usije ukawapita watu wa mimea koridoni bila kuwasalimia.

Haya, uingie wapi? Nirudie kwa yule chura aliyeganda chini ya majani. Uliposoma habari zake, ni swali gani lilikujia la kwanza, kabla hujaanza kufikiri lipi linaonekana la kisomi? Kama ulijiuliza sukari inazuiaje seli isipasuke, wewe una mwelekeo wa seli na molekuli. Kama ulijiuliza moyo unaanzaje tena na nani anauamuru, nenda fiziolojia. Ukajiuliza mbona huyu anaweza na ndugu yake wa bondeni hawezi, hilo ni la mageuko. Ukajiuliza majira ya baridi yakifupika itakuwaje kwao na kwa wanaowala, wewe ni mwanaekolojia hata kama hujawahi kujiita hivyo. Jaribu hivyo na habari kumi za vyura, andika swali lako la kwanza kila mara, uone zinaangukia wapi. Nimewafanyisha wanafunzi wangu zoezi hili kwa miaka, na kwa kawaida saba au nane kati ya kumi huangukia mlango mmoja.

Kisha jiulize kuhusu mikono yako. Watu hupenda swali wakasahau kwamba utafiti ni kazi ya kila siku. Kwenye maabara ya molekuli utashika pipeti, utahamisha matone madogo ya maji yasiyo na rangi kutoka kijichupa hiki hadi kile, na wiki kadhaa zinaweza kupita bila kumwona chura. Kwenye ekolojia utakuwa kwenye maji hadi magotini saa saba za usiku, mvua inanyesha, unaandika kwa penseli kwa sababu kalamu ya wino haiandiki kwenye karatasi lililolowa, na usiku huo huenda ukarudi na sifuri. Kwenye uainishaji utapima mifupa na vidole vya vyura waliohifadhiwa kwenye spiriti kwa miaka mingi, mmoja mmoja, kwa mamia. Kwenye biolojia ya kompyuta utakaa na programu inayokataa, na utafurahi sana siku itakapokubali. Hakuna kazi bora kuliko nyingine hapo. Ila ipo moja ambayo mwili wako utaivumilia kwa miaka, na ipo itakayokuchosha kabla ya muhula kwisha.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi huona haya kuliuliza, kwa hiyo nalisema mimi: kuua. Mtu anayependa vyura akiingia maabara ya ukuaji, ya fiziolojia, au ya makumbusho, mara nyingi itafika siku atakayotakiwa kumuua chura, kwa njia isiyomtesa na kwa idhini ya kamati ya maadili ya chuo. Nilikuwa na mwanafunzi hodari aliyegundua siku hiyo kwamba hawezi. Hakukosea. Alihamia kurekodi milio ya vyura porini na akafanya kazi nzuri sana. Uliza mapema, kabla hujasaini.

Ukishapata mlango, acha jina la eneo utazame mtu. Chukua makala tatu za mwisho za kila msimamizi unayemfikiria, na uruke moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu. Hapo ndipo utaona watu wake wanashinda wakifanya nini. Utangulizi wa makala humpamba kila mtu. Angalia pia majina ya waandishi: je, wanafunzi wake wanatangulia kwenye makala, au ni yeye daima? Halafu waandikie wanafunzi wake wa sasa, na yule aliyemaliza karibuni, uwaulize mara ya mwisho walikaa lini na msimamizi kuzungumzia kazi yao. Mimi nilipotafuta uzamivu nilivutwa na jina zuri la eneo, nikajiunga na mtu ambaye mwaka mzima tulionana mara tatu. Nilipoteza mwaka huo, na kwa barua pepe moja tu ningeweza kuuokoa.

Katika muda uliobaki kabla ya kuomba, jifunze takwimu vizuri na lugha moja ya programu, R au Python. Milango yote niliyokuonyesha inafunguka kwa hizo mbili, na mwanafunzi anayezijua hupokewa kwa furaha hata kwenye maabara ambayo hajawahi kushika vifaa vyake.

Kuna kitu kimoja umeninyima, nami sitakuchagulia mlango mpaka unipe. Umesema unapenda vyura, lakini hukusema walikufanyia nini. Je, ni mlio wao? Ni kiluwiluwi kuota miguu huku mkia ukiyeyuka? Ni kwamba palikuwa na bwawa lililojaa vyura, sasa liko kimya? Fanya lile zoezi la habari kumi, kisha niandikie tena, unitumie maswali yako yote kumi kama yalivyokujia bila kuyapamba. Nitakujibu kwa jina la mlango na kwa makala za kuanza kusoma.